Baridi ya Njia ya Isangi

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza safari ilikuwaje, na kila mara nimejibu kwamba ilikuwa ya baridi. Mnacheka. Baridi gani, katika mji ambao mtu analala dirisha wazi na bado shuka linalowa jasho? Mmoja wenu ameapa kwamba nilipitia Ulaya kwa siri. Basi naandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo narudi nyuma kila baada ya sentensi kusahihisha nilichosema, na mnachoka kunisikiliza. Mambo ya kutafuta nafasi na vibali nayaacha, mnayajua wenyewe. Nitaanza na Koko.

Koko ni bibi yangu, mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mpaka leo, na diploma yangu ya sheria isiyopata kazi, ananiita "bwana yangu," kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Alikuwa ametoka hospitali muda si mrefu. Yalikuwa mapafu. Daktari aliyemruhusu alinivuta pembeni, mlangoni, akasema: "Asilowe, asipate baridi. Ugonjwa huu ukirudi, mimi siahidi kitu." Maneno hayo niliyabeba kama mtu anavyobeba yai mfukoni.

Hata dawa hajazimaliza, habari ikafika kwamba mdogo wake, Koko Agata, amefariki kijijini, juu kidogo ya Isangi, kwenye mto Lomami. Walikuwa wamekwisha kuzika. Nilimweleza Koko kwa taratibu, nikizungukazunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho tunaenda."

Bandarini

Hatukwenda kesho. Baleinière yetu, ule mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini ambao nyote mmepanda au mmeapa hamtapanda, ilikuwa inangoja mafuta, kisha ikangoja chumvi, kisha ikamngoja fundi aliyekuwa anangojwa mahali pengine pia. Tulishinda pale bandarini Kisangani, juu ya mizigo ya watu. Nilikuwa nimenunua blanketi jipya, zito, lenye picha ya chui, nikalifunga ndani ya mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa na jaketi, soksi, kofia ya sufu na chupa ya kuhifadhi chai moto. Watu walinitazama kama mtu anayekwenda kuishi mlimani.

Kapiteni, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alimwangalia Koko akikohoa, akanivuta kando.

"Mama iko mugonjwa?"

"Hapana, papa," nilisema. "Alikuwa mugonjwa. Sasa amepona."

"Munaenda wapi?"

"Kwetu. Kutembea tu."

Jibu hilo nilikuwa nimeliandaa tangu alfajiri. Nilifikiri hivi: nikisema mwanamke huyu ana mapafu mabovu na pia ana msiba, kapiteni ataona ameletewa maiti ya kesho. Atatushusha. Na tukishushwa, chombo kingine tutakipata lini? Nilipima kila upande, na kila upande uliniambia ninyamaze. Kwa hiyo hakuna mtu aliyejua kwamba tunakwenda matangani.

Karibu nasi alikaa Mama Zaina, mfanyabiashara wa sabuni na chumvi, mwanamke mnene wa familia ya Waislamu wa mjini. Alifungua majani, akatugawia lituma na samaki wa moshi bila kuuliza sisi ni nani. Ndizi zile zilikuwa zimepondwa vizuri na pilipili kidogo. Nilikula sana. Koko alichukua tonge moja akalishika mkononi mpaka likapoa.

"Koko, cheka kidogo," Mama Zaina alisema. "Ao huyu bwana yako anakupiga?"

Watu wakacheka. Koko aligeuza uso kuelekea mtoni. Nilimwona Mama Zaina akivunjika moyo, na nilitaka kumweleza, lakini kapiteni alikuwa palepale, akihesabu magunia.

Mpaka Yanonge

Tuliondoka hatimaye asubuhi moja yenye ukungu, ng'ambo haionekani. Ilikuwa majira ya maji madogo, mchanga umetokeza katikati ya mto kama migongo ya viboko. Koko hakusema neno mpaka tulipopita wavuvi waliolala juu ya mchanga huo, wamejikunja kando ya moshi.

"Sisi tulilala vile," alisema. "Mimi na Agata. Baba alitupeleka kuvua. Tuligawana kikwembe kimoja cha kujifunika. Agata aliogopa baridi kuliko mamba. Alikuwa anavuta kikwembe chote, mimi nabaki mugongo wazi. Namupiga. Analia. Basi narudisha mugongo yangu kwa mugongo yake, analala."

Aliwatazama wavuvi wale mpaka wakabaki nyuma yetu.

"Sasa wamemuweka udongoni peke yake."

Nilisema kitu kuhusu Mungu. Hakikuwa kitu cha maana.

Yanonge tulisimama muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Walipakia mbuzi, wakapakua mbuzi, wakagombana kuhusu mbuzi. Mwanamke mmoja alikuja na beignet, maandazi ya moto, nikamnunulia Koko, naye akampa mtoto wa abiria mwingine. Abiria wote walikuwa wamekwisha kujuana, wanachekeshana, wanagawana kwanga, ule mkate wetu wa muhogo. Sisi tulikaa kama watu waliofungiwa mlango. Koko aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Watu wa siku hizi wamekuwa na roho ngumu."

Sikuelewa. Nilidhani anazungumzia mbuzi.

Mchangani

Mvua ilitukuta baada ya Yanonge. Ilikuja na upepo wa mbele, nasi tukajificha chini ya bâche, ile turubai ya plastiki iliyofunika mizigo, lakini maji yaliingia kutoka pembeni. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mto ukatuchukua. Kapiteni na watu wake walisukuma kwa miti mirefu mpaka tumbo la chombo likakwaruza mchanga katikati ya mto. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawingu.

"Bon," kapiteni alisema. "Tunalala hapa. Asubuhi tutatengeneza moteur."

Mvua iliacha, upepo haukuacha. Mniamini, rafiki zangu: mtu aliyelowa, kwenye mchanga uliolowa, katikati ya mto wenye upana ule, anaweza kutetemeka mpaka meno yanaumana. Vijana wenye vifua walikuwa wamejikumbatia. Mpishi wa chombo aliwasha moto kwa magogo yaliyoletwa na maji na makaa kidogo, akaweka sufuria ya wali. Mmoja alipitisha lotoko, pombe yetu kali ya mahindi, akasema hiyo ndiyo blanketi ya mwanamume.

Mimi nilikuwa na blanketi la kweli. Nilifungua mifuko, nikalipata kavu kabisa, na nikajisifu moyoni. Nikatandika mkeka, nikatandika nusu ya blanketi, nikaacha nusu ya kufunikia.

"Koko, njoo ulale."

Alipita mkeka wangu. Akakaa kwenye mchanga mtupu, hatua chache mbele, akalala ubavu na kikwembe chake kilicholowa.

Nilidhani haoni vizuri. Nikamshika mkono. Akautoa.

"Koko, daktari amesema..."

"Daktari ana ndugu yake. Mimi niko na yangu. Sijaona kaburi. Nitalala juu ya nini?"

Desturi hiyo niliijua, lakini niliijua kama mambo ya nyumbani, ya watu walio ndani ya uzio wa matanga: ndugu wa damu halali kitandani, halali juu ya mkeka wala kitambaa, wala chini ya blanketi, mpaka aone kaburi kwa macho. Sikuwahi kufikiri kwamba inasafiri. Nilimwambia njiani si nyumbani. Nilimwambia wagonjwa husamehewa. Nilimwambia Koko Agata mwenyewe asingependa. Nilitoa hoja kama niko mbele ya jaji, na kila nilipomaliza hoja, yeye alikohoa.

Kisha nikafanya jambo baya zaidi. Nilingoja mpaka pumzi yake ikawa nzito, nikaanza kumsukumia blanketi chini ya mgongo, polepole, kama mwizi. Aliamka. Alilivuta lile blanketi kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akalitupa, akainuka kwa mikono na magoti, akaenda kulala mbali zaidi, karibu na maji, mahali upepo unapopiga bila kuzuiwa. Nilipomfuata, alisema, "Ukinigusa tena, mimi hapana bibi yako."

Nilisimama pale na blanketi la chui mikononi. Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa rahisi: akilala hivi mpaka asubuhi, nitafika kijijini na makaburi mawili.

Mama Zaina alikuwa ametusikia. Alikuja, amejifunga bâche ndogo kichwani.

"Maître," alisema, jina la mawakili alilonipa tangu aliposikia nimesoma sheria, "bibi yako anakukimbia sababu gani?"

Wakati huo hata hofu ya kapiteni ilikuwa imekwisha. Nikasema yote. Mdogo wake, Agata, amekufa. Tunakwenda matangani. Hataki kulala juu ya kitu.

Mama Zaina alishusha bâche kutoka kichwani.

"Iko na kilio? Tangu Kisangani?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi namuambia acheke."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikwenda moja kwa moja kwa Koko, akapiga magoti, akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha kwetu chenye jina la mtu ndani yake. Alilia, "Agata, Agata," jina alilolisikia sasa hivi tu. Koko aliinua kichwa. Wanawake wengine waliacha sufuria. Wakaja mmoja mmoja, wakauliza, wakajibiwa, wakakaa. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Yanonge. Koko alidhani nimewaambia watu, maana nani husafiri na mfiwa bila kusema? Njia nzima alikuwa akingoja mtu mmoja aje kumpa pole, na alipoona wanagawana kwanga na kucheka, alijua moyoni kwamba dunia imeharibika.

Kapiteni naye alikuja, kofia mkononi.

"Ungesema, mutoto," aliniambia. "Mufiwa anakaa nyuma, karibu na moteur. Pale iko moto na iko kavu. Ni nafasi yake. Mimi nimeweka pale mbuzi."

Nilikunja blanketi la chui, nikalirudisha ndani ya mifuko yake.

Wanawake walijipanga kumzunguka Koko ili kumkinga upepo. Hilo lilisaidia, lakini mchanga ulikuwa bado umelowa, na baridi ile ilipanda kutoka chini. Mama Zaina alimshika miguu, akatikisa kichwa. Mmoja alishauri tumbebe kwa nguvu mpaka kwenye mkeka. Mwingine akasema ukimvunjia mfiwa desturi, unamvunja mwenyewe. Walibishana kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili na Lingala, na Koko katikati yao alitetemeka.

Mimi nilikuwa natembea tu, kama kawaida yangu nikiwaza. Nilikuwa nimevua viatu vilivyolowa. Nikapita pale mpishi alipokuwa ameondoa sufuria na kusogeza makaa pembeni. Nyayo zangu zikakuta mchanga wenye moto. Nikasimama. Nikarudi nyuma, nikakanyaga tena. Ulikuwa mkavu, na joto lilikuwa limeingia chini kabisa.

Nikawaza: kutakuwa na kosa gani hapo? Nikatafuta kosa. Mnajua mimi, nisipopata kosa naanza kuogopa zaidi. Mwishowe nikaenda kwa wale wanawake.

"Mama zangu, samahani. Desturi inasema alale chini, sivyo?"

"Ndiyo."

"Bila mkeka, bila kitambaa."

"Ndiyo, Maître. Tumesema hivyo tangu jioni."

"Je, imesema udongo lazima uwe baridi?"

Mmoja akacheka kidogo, kisha akaacha. Mama Zaina aligeuka kwa mwanamke mzee wa Isangi aliyekuwa kichwani pa Koko. "Mama, kwenu wamesema vile?"

Yule mama alifikiri. "Wamesema chini. Chini ni chini."

Nilimwinamia Koko bila kumgusa, nikamwuliza. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, nikadhani hakusikia.

"Udongo iko udongo," alisema.

Basi tukafanya. Kapiteni alitoa mbao za akiba bila mtu kumwomba. Tuliwasha moto mrefu, urefu wa mtu aliyelala, nyuma ya mizigo ambayo vijana waliipanga kuwa ukuta. Uliwaka tukiuota, tukikausha nguo; hapo ndipo cheche ilipotoboa jaketi langu, lile tundu mnaloliulizia. Mpishi akachota wali, na watu wakala kwa mikono mitupu bila mzaha mwingi. Moto ulipokwisha kushika chini, tuliondoa makaa yote kwa jembe, tukayaweka pembeni, tukamwaga juu mchanga kidogo uliokauka kando ya moto, maana wa chini ulikuwa unachoma. Mama Zaina alijaribu kwa kiganja, kisha kwa shavu, kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto.

Alimvisha Koko kikwembe chake mwenyewe, kikavu, akisema vazi si kitanda. Yule mama wa Isangi akakubali. Koko akalala kwenye udongo mtupu. Mama Zaina akalala nyuma yake, mgongo kwa mgongo. Yule mama mwingine akalala mbele. Wengine wakafuata kila upande, wakiimba kidogokidogo, nyimbo za kanisa, na Mama Zaina akiitikia pale alipoweza.

"Maître," alisema katikati ya wimbo, "leo umeshinda kesi. Sasa nyamaza, lala."

Nililala miguuni pao. Au tuseme nililala macho wazi, nikisikiliza kikohozi. Kilikuja kwa nguvu, kisha kwa kuachana, kisha nikaanza kukitafuta nisikipate, na kwa mara ya kwanza ukimya haukunitia hofu. Nilipofumbua macho ukungu ulikuwa mweupe juu ya maji, kapiteni yuko ndani ya injini mpaka mabegani, na Koko amekaa akinywa chai yangu kutoka kwenye kifuniko cha chupa. Alikuwa anamwambia Mama Zaina jinsi Agata alivyokuwa akivuta kikwembe.

Isangi

Injini ilikubali jua lilipokuwa juu. Safari hii Koko alikaa nyuma, kwenye nafasi ya mbuzi. Sitasema mengi kuhusu Isangi. Tulifika tumechoka, tukala samaki wa liboke, waliopikwa ndani ya majani, pale bandarini, na watu wa baleinière walichanga sabuni na chumvi za kupeleka matangani. Mama Zaina alishuka pamoja nasi kumsindikiza Koko mpaka kwenye mtumbwi wa Lomami.

"Ukirudi Kisangani, uniulize soko kuu," alimwambia. "Utacheka ile siku."

"Nitacheka," Koko alisema. Nilikuwa sijamsikia akiahidi kitu tangu habari ile ifike.

Nyumbani, kwenye Lomami

Kijiji kilitusikia kabla hakijatuona, maana Koko alianza kulia tukiwa bado majini. Tonton, mjomba wangu, mtoto wa marehemu, alitupokea. Uwanja wa matanga ulikuwa umejaa mikeka na majivu. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa dogo la majani walilolijenga kuzuia mvua, na udongo wake bado mwekundu, wenye unyevu.

Koko alipiga magoti. Aliweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio kikubwa. Hakulia. Alikuwa kama Mama Zaina kule mchangani, anapima.

"Iko baridi," alisema.

"Mama, ni kaburi," Tonton alijibu kwa upole.

"Bwana yangu." Alikuwa ananiita mimi. "Tengeneza hapa kama ulitengeneza kule."

Tonton alinitazama, na mimi niliona yote kwa mpigo mmoja, kama kawaida yangu: katekista atasema nini, majirani watasema ni uchawi, paa la majani linaweza kushika moto, moto juu ya marehemu ni heshima au ni tusi, na mimi mgeni wa shule ninaanza desturi ambayo haipo.

"Mama, watu watasema vibaya," Tonton alisema.

"Waseme. Hawakulala na yeye."

Nikaenda kutafuta kuni.

Nilisogeza paa kwanza. Mniache na woga wangu. Nikawasha moto mrefu, mdogo, kutoka kichwani mpaka miguuni, na Tonton, baada ya kusimama mbali muda fulani, alikuja na mzigo wa kuni kavu kutoka jikoni kwake. Watoto wa marehemu wakaja. Wanawake wakaanza wimbo. Jua lilikuwa bado halijazama. Moto ulipolala, tuliondoa makaa, nikasawazisha udongo kwa mikono, na Koko akaweka kiganja chake tena. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akageuka, akaegemeza mgongo wake kaburini, akanyoosha miguu.

"Haya," alisema, hakuniambia mimi. "Sasa usivute."

Alikaa pale mpaka giza lilipoanza kuingia. Nilipokuja kumwinua, alinipa mikono yote miwili, nikahisi jinsi alivyo mwepesi. Mlangoni kwa Tonton alisimama. Chumbani kulikuwa na kitanda, nami sikuthubutu kukitaja.

"Ile blanketi yako ya chui," aliuliza, "bado iko kavu?"

"Bado, Koko."

"Lete basi. Nasikia baridi."